Mji Usio na Makaburi

Niliolewa wakati wa vita ya wazungu, kwenye kilima kimoja juu ya Nyamitaba, na mwanamume aliyekuwa mwashi wa misioni. Wanaume wengi wa rika lake walikuwa wamechukuliwa kwenda kuchimba barabara, ama kushuka msituni kutafuta mpira wa porini, na wengine hawakurudi. Yeye aliachwa kwa sababu mapadri walikuwa wanajenga shule na hawakutaka kumpoteza. Bruda mmoja mzee alimfundisha kupima pembe, kuvuta kamba na kusoma ramani. Alimfundisha Kifaransa pia, maana bruda yule hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye.

Vita ilipokwisha, sifa yake ilitoka nje ya misioni. Walimwita kupanga soko, kisha kambi ya watu wa barabara, kisha nyumba za wafanyakazi wa shamba la pareto. Mzungu yeyote wa milimani kwetu aliyetaka safu ya nyumba iliyonyooka alimtafuta yeye. Na kazi hiyo aliipenda. Hatukuweza kupita kwenye ua wa mtu, hata wakati wa msiba, bila yeye kuninong'oneza kwamba mlango ungetazama upande ule mwingine, moshi usingewarudia wenyewe ndani. Nilimwambia siku moja watu watampiga. Alicheka, na tulipofika ua uliofuata akaanza tena.

Miaka ya hamsini ilipokuwa bado michanga, aliitwa na mzungu aliyesimamia kazi ya kupanga vijiji. Alirudi mchana, mimi nikiwa uani nachambua maharagi. Hakuvua kofia.

“Bananituma Walikale,” alisema. “Bananipa ushefu wa site.”

Site ndivyo tulivyouita mji wa watu weusi, ule unaopangwa kando ya barabara, kila nyumba na namba yake mlangoni.

“Site gani?”

“Haiko bado. Ni miye njo nitaijenga.”

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyepewa ng'ombe. Nilimuuliza kuhusu kilima chetu.

“Mudogo wangu atakiangalia. Tutarudia.”

Siku zile, mtu mweusi kupewa mji mzima aupange, auongoze na kuamua ugomvi wa watu wake, lilikuwa jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Baba yangu, mtu asiyejua kusifu, alisema mkwe wake amekuwa mtu mkubwa. Majirani walikuja na maziwa. Mimi nilifunga vyombo, na moyo wangu ulikuwa unacheza kwa furaha, sitaficha.

Tulishuka kwa kamyo ya mizigo, sisi wawili na watoto wetu, wavulana wawili na binti yetu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa anaanza kung'oka meno ya utoto. Kwetu asubuhi hujifunika blanketi mpaka jua lipande. Kadiri tulivyoshuka, joto liliingia nguoni, majani ya malisho yakaisha, ikabaki miti tu, mirefu, ikibana barabara pande zote mbili. Binti yangu aliuliza ng'ombe wa huku wanakula nini. Dereva akamwambia huku hakuna ng'ombe. Mwendo mrefu aliitazama miti, akilifikiria jambo hilo.

Mahali penyewe palikuwa uwanja wa udongo mwekundu, vishina vya miti bado vinatoa utomvu. Nyumba ya matofali yenye mabati ilikuwa imekwisha kujengwa, na ndiyo ilikuwa yetu. Mvua ya kwanza ilipoanguka juu ya mabati yale hatukusikiana ndani. Mume wangu alitandika ramani mezani akanionyesha kwa kidole: hapa soko, hapa shule, hapa kanisa, hapa dispansari, hapa polisi, hapa uwanja wa mpira. Mji ule ulikuwa wa watu wa namna mbili. Kuna wafanyakazi wa mgodi wa bati, waliotoka kila upande. Na kuna watu wa msituni, wakulima na wawindaji, ambao serikali ilitaka kuwatoa kwenye vijiji vyao vya ndani na kuwaleta barabarani, ili wahesabiwe, wadungwe sindano, na wapatikane kwa kazi.

Kazi ya shefu ilikuwa kila kitu. Asubuhi aligawa viwanja, mchana aliamua kesi za mbuzi na za wanawake waliokimbia, jioni alikagua vyoo. Mara kwa mara alisimama mbele ya mzungu msimamizi wa eneo lile na kueleza kwa nini nyumba fulani hazijakwisha. Kulikuwa na chemchemi juu ya kilima, wanawake walikuwa wanaifuata kwa njia ya utelezi. Aliniomba niwakusanye.

“Ulize bamama banapendelea njia ya maji ipite wapi. Bao njo bananyanyula maji, hapana miye.”

Tuliwauliza, wakaonyesha, na maji yakashushwa kwa bomba hadi penye bonde, karibu na nyumba. Siku maji yalipotoka, wanawake walipiga vigelegele hadi walinzi wa mgodi wakaja kutazama kuna nini. Alipigania pia darasa la wasichana. Mzungu alisema wasichana watangoja. Yeye akaliingiza darasa hilo ndani ya jengo la wavulana, akajenga ukuta katikati, akasema ni stoo, kisha akatafuta mwalimu.

Lakini alikuwa mkali, na mambo mengine sikuyapenda. Mzee mmoja, mfanyakazi wa mgodi, alijenga jiko lake likatoka nje ya mstari kwa hatua moja tu. Mume wangu aliamuru libomolewe. Mke wa yule mzee alikaa siku nzima juu ya mafiga yake, mvua inamnyea, akinitazama kila nilipopita. Nilimwambia mume wangu hatua moja si kitu. Akasema leo ni hatua moja, kesho barabara imepotea. Alikuwa anaamini kabisa kwamba watu wakikaa katika mistari iliyonyooka, karibu na maji na dawa, watoto wao hawatakufa ovyo. Aliyafanya yote kwa imani hiyo.

Binti yetu alishika lugha ya watu wa msituni mapema kuliko sisi sote. Baada ya muda mfupi nilikuwa siendi sokoni bila yeye. Nilimwambia muulize mama huyu ndizi zake ni za wapi, naye anauliza, wanacheka pamoja, ananijibu kwa Kihunde, lugha yetu, huku mdomo umejaa karanga alizopewa. Wakati mwingine mazungumzo yao yalikuwa marefu na jibu nililopewa lilikuwa fupi mno.

Mmoja wa watu waliokuja kwetu mara nyingi alikuwa mkubwa wa kijiji kimoja cha ndani, mwindaji, wa umri wa mume wangu, aliyechechemea kwa sababu nyati alimvunja mguu. Kijiji chake kilikuwa kwenye orodha ya wanaopaswa kuhamia barabarani. Alikuwa anakuja na nyama ya moshi, anakula kwetu, wanabishana, anaondoka. Walipendana hivyo.

“Papa Shefu,” alimwambia siku moja, “miye sikatae barabara. Barabara ni muzuri. Lakini unaniambia nilale ku barabara na shamba langu libakie mu pori. Uko na miguu ingine ya kunipa?”

“Utalima mupya huku.”

“Nitalima mupya. Na mbele ndizi ikomae nitakula nini? Udongo?”

Mume wangu alivuta kiti karibu. Walikaa wakayapanga. Watu wa kijiji kile wangekuja kwanza kulima na kupanda kando ya site, ndizi na mihogo, na wangehama chakula kikiwa tayari. Mzungu msimamizi aliwasikiliza akakubali. Nilimwona kwa macho yangu akitingisha kichwa, akampa mwindaji mkono. Wanawake wa kile kijiji walianza kuja na vipande vya migomba kichwani, wanapanda, wanarudi.

Ndizi hazikungojwa zikomae. Mgodi ulihitaji mikono, na amri ikabadilika. Vijiji vyote vya ndani viwe vimeshahama kabla ya mvua kubwa. Mume wangu alikwenda ofisini kwa mzungu, akakumbusha maneno yaliyosemwa. Akaambiwa maneno yale yalikuwa ya wakati ule. Akaomba jambo moja tu, atangulie mbele ya polisi ili watu watoe vyombo vyao. Hilo alikubaliwa.

Alikwenda asubuhi, akarudi kesho yake. Nguo zake zilinuka moshi. Nilimletea maji ya kuoga, akaoga, nikafua zile nguo, na zilipokauka bado zilinuka. Hakunieleza alichokiona. Nilichokiona mimi ni watu walioingia nyuma yake kwa mstari mrefu, na vikapu, na kuku waliofungwa miguu, na mtu mmoja aliyebeba mlango wake mgongoni, mlango wa mbao uliochongwa vizuri. Mwindaji alikuwa wa mwisho. Alipita mbele ya nyumba yetu bila kugeuza kichwa.

Hapakuwa na nyumba za kuwatosha. Walilala chini ya paa la soko, wamejibana kama mbuzi wakati wa mvua. Mashamba yao ya zamani yalibaki mbali, na nguruwe wa porini waliyavuna. Waliokuwa na nguvu walirudi huko kuchimba mihogo, wakaja na mizigo midogo iliyooza nusu. Mume wangu alimwomba mzungu chakula cha stoo ya mgodi. Akaambiwa chakula kile ni cha wafanyakazi. Basi wanaume wakaandikwa kazini mgodini ili wapate kula. Wanawake tuliokuwa na kitu tulipika kwenye masufuria makubwa, sombe nyingi, yaani majani ya mihogo, na bugali kidogo, na haikutosha.

Kisha ikaja surua. Watoto walianza na macho mekundu na kikohozi, kisha vipele, kisha kuhara. Mtoto aliyeshiba huweza kushindana na surua. Hawa hawakuwa wameshiba. Mwuguzi wa dispansari, kijana wa watu, alikimbia toka mkeka hadi mkeka na chupa yake ya dawa ya macho, mpaka ikaisha, akabaki kukimbia bila chupa.

Mtoto wa kwanza alipokufa, baba yake alikuja kwetu akasimama mlangoni.

“Papa Shefu, tumuweke wapi?”

Mume wangu aliitandika ramani mezani. Nilisimama nyuma yake. Aliipitia kwa kidole, toka soko mpaka mtoni, akarudia. Kulikuwa na nafasi ya gereza. Kulikuwa na nafasi ya miti ya maua. Mahali pa kuzika hapakuwapo. Mtu aliyeichora ramani ile, katika ofisi ambayo hatuijui, hakufikiri kwamba sisi tutakufa pale. Na mume wangu, aliyeisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote, hakuwa ameliona. Aliketi kwenye kiti kama mtu aliyepigwa.

Makaburi ya misioni yalikuwa mbali, ng'ambo ya mto, na ya waliobatizwa tu. Mzungu msimamizi alisema ataandikia wakubwa wake waamue mahali, na kwa sasa watu wazike popote pasipo karibu na maji. Wakubwa hawakujibu. Watu wa msituni wakafanya walivyojua. Walizika watoto nyuma ya nyumba zao mpya, hata ambazo hazijaezekwa, chini ya migomba ile waliyoipanda wenyewe. Mume wangu aliwaacha. Alipita na kamba yake akahakikisha kila kaburi liko upande wa chini wa bomba la maji. Hakuweza kufanya zaidi.

Binti yetu alianza kukohoa siku ya Jumapili, baada ya misa. Alikuwa amezoea kucheza na watoto wa soko, nami nilikuwa nimemkataza kwa kuchelewa. Alikuwa na afya, ameshiba, nikajipa moyo. Nilimpaka maji baridi, nikamfunika macho kwa kitambaa kwa sababu mwanga ulimuumiza. Siku za mwisho aliongea ile lugha ya msituni tu, na sisi wazazi wake tulikaa pembeni ya kitanda bila kujua anasema nini. Mwanamke mmoja jirani alimwinamia akasikiliza, akaniambia kwa Kiswahili kibovu kwamba mtoto anasema amechoka kutembea. Alikufa mchana, jua likiwaka.

Mwindaji ndiye aliyechimba. Yeye alikuwa amekwisha kuzika watoto wake wawili. Hakuwa amezungumza na mume wangu tangu nyumba za kijiji chake zichomwe, na hata siku hiyo hakuzungumza, alichukua tu chepe mikononi mwake akaanza. Hatukutaka alale peke yake ng'ambo ya mto, kwenye makaburi ya misioni; tulimweka nyuma ya nyumba yetu, kati ya jiko na migomba michanga. Katekista alisali. Alipoondoka, wanawake wa msituni waliingia, wakaweka majani fulani juu ya kizingiti na kunipaka majivu mikononi, wakaimba kwa sauti ya chini. Mimi ni mkristo, na niliwaacha waimbe. Kila mmoja wao alikuwa na kaburi lake nyuma ya nyumba.

Surua ikaisha, mvua zikaisha. Ndipo alipofika mzungu mwingine, kijana, mtu wa usafi na afya, aliyetoka kwao karibuni na ambaye Kiswahili hakukijua bado. Hakuwa mtu mbaya. Alitembea na peremende mfukoni, akiwagawia watoto waliobaki. Lakini alipozunguka nyuma ya nyumba akaona vilima vidogo vya udongo kila mahali, alishika kichwa. Akaamuru makaburi yote yafukuliwe, mabaki yapelekwe ng'ambo ya mto.

Mzungu msimamizi alimwita mume wangu. Alirudi mchana akaketi jikoni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kuketi. Nilikuwa namenya ndizi.

“Banataka tufukule batoto,” alisema.

Kisu kilisimama mkononi mwangu.

“Na banataka nianze na wetu. Banasema, batu bakiona shefu amefanya, batafuata. Batanipa mbao muzuri ya sanduku. Batamuita padri.”

“Na weye ulijibu nini?”

“Nilisema nitauliza mama yake.”

Niliendelea kumenya. Nje, wavulana wetu walikuwa wanapasua kuni, nasikia shoka.

“Kama nakubali, utafukula?”

Alifikiri kabla ya kujibu. Hilo ndilo lililoniuma miaka mingi baadaye, kwamba alifikiri.

“Ule kijana hasemi bongo juu ya maji, anasema kweli,” alisema. “Kama weye unakubali, nitafukula.”

“Sikubali.”

“Basi,” alisema. Akanawa mikono, akaomba chakula, akala chote nilichompa.

Siku ya mkutano watu walijaa sokoni, chini ya paa lile lile walilolala walipofika. Wazungu wawili walikalia viti. Yule kijana alisimama, akasema kwa Kifaransa, na mume wangu akatafsiri kwa Kiswahili kipande kwa kipande, amesimama wima na sare yake ya kaki na nishani ya ushefu kifuani. Kwamba maiti karibu na nyumba ni hatari. Kwamba serikali inasikitika. Kwamba kila familia itoe wafu wake kabla ya mwezi kwisha, na asiyetaka, wafungwa watamtolea. Watu hawakupiga kelele. Niliona tu mikono ya wanawake ikiingia ndani ya vitenge, ikishika tumbo.

Kijana alimaliza, akamtazama mume wangu, ikawa zamu yake kusema ya shefu.

“Njo ile amri,” mume wangu aliwaambia watu. “Nimewaelezea yote, sikupunguza neno. Sasa nasema yangu. Miye iko na mutoto mu udongo nyuma ya nyumba. Sitamutosha mule. Mutu asikuje kuniuliza tena.”

Kisha akamgeukia yule kijana, akamtafsiria maneno yake mwenyewe kwa Kifaransa, polepole, kwa sauti ile ile aliyotafsiria mengine.

Kijana alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alitazama chini. Mzungu msimamizi ndiye aliyeinuka, akasema kwa Kiswahili, “Kazi yako imekwisha,” akamwita polisi. Hapo ndipo kelele zilianza. Mwindaji alijitokeza mbele na mguu wake mbovu, na wengine nyuma yake, na polisi wakainua bunduki. Mume wangu alinyoosha mkono.

“Ikala chini, kaka. Uko na batoto bengine ya kuchunga.”

Ilikuwa mara ya kwanza wasemezane tangu moto. Mwindaji aliketi. Watu wote wakaketi, na mume wangu akaondoka kati ya polisi wawili, kofia ameishika mkononi.

Walimfunga mbali, kwa kosa la kuchochea watu dhidi ya serikali. Mimi niliambiwa niiache nyumba, maana ni ya shefu na shefu mpya ameshapatikana. Kabla sijamaliza kufunga vyombo, wafungwa walikuja na machepe. Nilisimama kwenye mlango wa jiko. Mlinzi aliniambia niende ndani, sikwenda. Walikuwa watu wa kwingine, wamefunga vitambaa puani. Niliiona nguo ya binti yangu, ile ya njano ya misa. Zaidi ya hapo sitaandika.

Walibeba wote siku ile na zilizofuata, wakavuka mto. Nilimuuliza yule mlinzi wamemweka upande gani.

“Mama, shimo ni moja,” alisema. “Tuliweka bote pamoja.”

Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikurudi hata siku moja kusali kule. Ningesimama wapi?

Asubuhi ya kuondoka, yule kijana mzungu alikuja mlangoni kwetu, amevua kofia. Alisema maneno mengi kwa Kifaransa, akaongeza mengine. Macho yake yalikuwa yamevimba. Hakukuwa na mtu wa kunitafsiria. Nilimngojea amalize, nikachukua mzigo wangu.

Tuliporudi milimani, kilima chetu kilikuwa na seng'enge. Serikali ilikuwa imempa mzungu mmoja alishe ng'ombe, na shemeji yangu alikuwa amesukumwa ukingoni mwa bonde, penye mawe. Alilia aliponiona, akasema hakuwa na mtu wa kumtetea, mkubwa wa ukoo akiwa Walikale anajenga mji. Kaka yangu alitupokea kwenye shamba lake. Wavulana walirudi shuleni misioni na sauti zao zilianza kukomaa.

Mume wangu alifunguliwa baadaye, mwembamba, na kikohozi ambacho hakikumwacha. Mapadri walimpa kazi ndogo ndogo, kuziba paa, kujenga zizi. Mara moja tu alipata kazi ya namna yake ya zamani. Mzungu wa shamba la jirani alitaka kambi ya wafanyakazi, akasikia yupo fundi. Mume wangu alikwenda, akapewa karatasi, akaitazama, akauliza kitu kimoja.

“Makaburi itakuwa wapi?”

Mzungu alidhani anamtabiria mabaya, ama anamroga. Alimfukuza pale pale. Mume wangu alinisimulia akicheka, kikohozi kikamshika katikati ya kicheko.

Mwindaji alikuja kumtazama, kiangazi kimoja, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na nyama ya moshi. Walikaa nje siku nzima. Alisema site imekuwa kubwa, maji bado yanatoka, wasichana wana jengo lao sasa, na ukuta wa stoo umebomolewa. Alisema wakubwa walijibu mwishowe, makaburi yamewekwa kwenye ramani.

“Upande gani?” mume wangu aliuliza.

“Nyuma ya shule, kule kunatelemka.”

Mume wangu alifumba macho, akautembea mji wake kichwani. Nilimwona akigeuza shingo kidogo, kama mtu anayefika kwenye njia panda.

“Ni fasi muzuri,” alisema. “Maji itatelemka ku mutoni, haitagusa batu.”

Mwindaji aliondoka kesho yake. Sikumwona tena, na sijui kilichompata katika miaka iliyofuata, ambayo ilikuwa mibaya kwa watu wa huko.

Mume wangu alikufa kabla ya uhuru, mwisho wa kiangazi. Alikohoa damu asubuhi, akaomba uji, uji ukapoa kando yake. Shemeji yangu alikwenda kumwomba yule mzungu mwenye ng'ombe ruhusa ya kumzika kwenye kilima cha baba zake. Mzungu alijibu kwamba shimo litavunja miguu ya ndama. Kaka yangu akatoa kona ya shamba lake, na wanangu wawili wakachimba, wakipokezana, mpaka ikatosha.

Mvua ilianza wiki hiyo hiyo. Majirani walituletea mbegu za maharagi, kwa sababu zetu tulikuwa tumezila wakati wa ugonjwa. Tulikwenda shambani sote, mimi na wanangu na wifi yangu, udongo umelowa vizuri, tukapanda mpaka ukingoni mwa kaburi.